Njia Fupi

Kichwa cha treni kilifika ndani ya kopo la biskuti,
kimeviringishwa kwenye soksi ya sufi,
kijani, urefu wa kiganja na nusu.
Bwana Pacey akakitua mezani:
"Kinapiga shoti. Si mimi. Ni reli zenu."

Alhamisi, ukumbi wa kanisa, Grantham.
Mvua inapapasa madirisha kama mwizi asiye na haraka,
hita inanuka vumbi la kuungua,
nasi watu saba tumeizunguka nchi ya mbao na gundi
yenye kondoo kumi na wanne
na stesheni isiyo na abiria.
Maonyesho ni keshokutwa.

Reli zetu. Haya. Nikaanza na reli.
Nikakiondoa kichwa: taa nyekundu ya boksi ikazimika.
Nikakirudisha: tak! ikawaka,
kama mtu anayejibu salamu kwa kufunga mlango.
Nikaweka kichwa kingine, cha binti wa Bi Gosling,
kile cha bei ya chini, bomba lake limekatika:
kikapita pointi, kikapita daraja, kikazunguka, hakina habari.
Reli hazina kesi.

Nikapima nafasi ya magurudumu. Sawa.
Nikachungulia vile vibati vya shaba vinavyolamba tairi:
hakuna kinachogusa chasisi.
Nikavua bodi, nikakiweka relini mifupa mitupu,
kikaondoka kinanguruma kama paka aliyeshiba.
Nikakivika. Tak!

Kitendawili. Tega.
Uchi natembea, nikivaa naanguka.

Baba, fundi redio pale Mpwapwa, alikuwa akisema:
usiuulize umeme ulikwenda wapi,
uulize kwa nini umerudi mapema.
Maana umetumwa: nenda kwa mota, sukuma, choka, ndipo urudi.
Ukiona upenyo hauendi.
Unageuza njiani, mikono mitupu,
unakuja mbio na joto la mtu aliyefanya kazi.
Njia ya mwongo ni fupi;
wahenga hawakuwa na mita, lakini walipima.

Mimi ninayo. Ncha moja kwenye gurudumu la kushoto, moja la kulia,
na bisibisi juu ya skrubu ya mwisho.
Robo. Kimya.
Robo. Kimya.
Robo. Mvua tu.
Robo: piiiiii.

Nikaifungua, nikamulika.
Ndani, kwenye waya mwekundu, kidonda kidogo kinang'aa shaba.
Skrubu tatu zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka.
Hii ya nne ilikuwa mpya, inameta,
ndefu kuzidi wenzake kwa punje moja ya mchele.
Haikujileta.

Alikuwa amesimama nyuma yangu na chai yake.
"Ni nini?"
Nikatazama mikono ile, yenye kutetemeka kidogo,
iliyokunja soksi kwa uangalifu namna ile.
"Uchafu," nikasema. "Umetoka kwenye reli zetu."
"Nilisema."
Nikaufunga waya tepu, nikatia skrubu fupi ya kwangu,
ile ndefu ikaingia mfuko wa aproni.

Jumamosi kilikimbia saa sita bila kukohoa.
Mtoto mmoja alikipungia mkono kila kilipopita,
kila kilipopita, mpaka mama yake akamvuta.

Alhamisi iliyofuata Pacey akaja na kopo lile lile.
Hakusalimu. Akanyoosha kiganja.
"Skrubu yangu, Sikudhani."
Nikachelewa kidogo, kisha nikampa.
Akaiinua kwenye taa, akaipima kwa ukucha.
"Ya kabati la jikoni," akasema.
"Marjorie analalamika tangu Pasaka, mlango unaning'inia."

Akavuta kiti upande wangu wa meza,
akafungua kopo.
Soksi mbili zaidi.
"Na hivi je?"
Akasafisha miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kabati," akasema, "limepungukiwa skrubu tatu."